Uzoefu wangu: aksheni na filamu za kale za taharuki ndani ya banda umiza, Mwanjelwa

Kama uko Mbeya, unapenda muvi, halafu kila siku unaangalia peke yako kitandani kwenye simu, ndugu yangu unajinyima. Simu na mimi ninayo, bando likiwepo naangalia vizuri tu, ila kuna aina mbili za filamu ambazo nimeshakubali kwamba zinataka watu: aksheni, na zile za kale za taharuki zinazokuweka roho juu mpaka mwisho. Kwa hizo sijapata sehemu inayoshinda banda umiza, hasa hili letu la huku Mwanjelwa, ukitokea Kabwe unatembea kidogo tu umefika, mabati juu, mbao pembeni, benchi za kubanana, projekta moja na shuka jeupe limekazwa ukutani. Kiingilio jero kwa muvi, buku siku ya mpira. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ikishakolea watu wanaingia na makoti na mizula kichwani, mkibanana kidogo tu kila mtu anafungua zipu.

Nianze na aksheni maana ndiyo inayojaza banda. Hapa watu hawaangalii kimya na usije ukategemea hivyo. Commando ya Arnold Schwarzenegger ni ya 1985, wengi wanaokaa pale hawakuwa hata wamezaliwa, ila stelingi akianza kuvaa zana zake pale ufukweni, anakaza mikanda, anajipaka rangi usoni, banda zima linamtajia silaha moja moja kama wao ndo wamempakia begi. Zile zilizotafsiriwa ndo zinaamsha zaidi, na hii kazi ya mtu mmoja kusimulia muvi nzima kwa Kiswahili mimi naiheshimu sana, Lufufu alijulikana nchi nzima kwa sauti tu, Kenya wana DJ Afro, na kuna watu wazima huku mtaani wamezijua muvi za Bruce Lee na Jackie Chan kupitia midomo ya watu wa namna hiyo. Nimewahi kuona Police Story ya Jackie Chan, nayo ya 1985, pale anaporuka na kuteleza kwenye nguzo yenye taa ndani ya lile duka kubwa, kelele zilizopigwa mama muuza karanga wa nje akaingia kuangalia kuna nini. Na hakuna anayenyanyuka majina yakianza kupita, kila mtu anajua kule mwisho wanaonyesha jinsi walivyoumia wakati wa kurekodi, na kweli kwenye ile nguzo Jackie aliungua mikono.

Sasa kilichonifanya niandike hiki chote ni zile za kale. Mwenye banda alianza kuweka siku moja ya katikati ya wiki, ile ambayo hakuna mpira wa maana, anaweka filamu ya zamani ya taharuki, ya rangi au isiyo na rangi, na mwanzoni watu walikuwa wananung'unika kwamba hizi ni za babu zetu, ila sasa hivi usipowahi unasimama.

Ya kwanza iliyonimaliza ni Duel. Hii Steven Spielberg aliitengeneza akiwa na miaka 24 tu, ikaonyeshwa kwenye televisheni Marekani Novemba 1971, na stori yake unaisema kwa pumzi moja: jamaa yuko na kagari kake kadogo kekundu barabarani, anaovateki lori la mafuta chakavu linalotoa moshi, kuanzia hapo lile lori linaanza kumwinda, na sura ya dereva wa lori huioni, unaona mkono, unaona buti, basi. Sasa fikiria hiyo filamu unaionyesha Mbeya! Huu ni mji wa barabara ya TANZAM, ile ya Tanzania kwenda Zambia, magari ya Tunduma yanapita hapa usiku na mchana, ndani ya banda una masuka, utingo, mafundi wa gereji za Mafiati, watu waliolala kwenye foleni ya mlima Kitonga na mizigo ya Kongo na Zambia. Hawa hawakuwa wanaangalia muvi, walikuwa kazini.

Kuna sehemu mapema kabisa jamaa anaingia sheli, yule wa mafuta anachungulia kwenye injini anamwambia mpira wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, umechoka, badilisha, jamaa anasema nitabadilisha baadaye. Kwenye simu ningepita hapo bila hata kugundua. Pale bandani mafundi waliguna wote kwa pamoja, mmoja akasema kwa sauti, huyo ameshakwisha. Jirani yangu, dogo wa bodaboda, akageuka kwa mzee mmoja dereva wa semi.

"Mzee wangu, kwani mpira ndo utamuua?"

"Subiri apande mlima, mwanangu. Subiri tu."

Na kuanzia hapo filamu yote ikawa na kitu kingine ndani yake, kila barabara ikiinuka kidogo watu wanavuta pumzi, si huu, si huu, tunaangalia lori kwenye kioo lakini akilini wote tuna ule mpira. Alfred Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za taharuki, alikuwa anaeleza hivi: ukiweka bomu chini ya meza na mtazamaji hajui, likilipuka umempa mshtuko wa sekunde 15, ila ukimwonyesha bomu mapema halafu ukawaacha watu wanaongea mezani habari za kawaida, umempa taharuki ya dakika 15. Ule mpira wa rejeta ndo bomu lenyewe, na faida ya kukaa na watu wanaojua magari ni kwamba bomu unaonyeshwa hata kama wewe ulikuwa unaangalia pembeni.

Mlima ulipokuja, mshale wa joto unapanda, gari linachemsha, lori linasogea nyuma, hapo benchi zote ziko mbele nusu. "Washa hita baba! Washa hita!" ni fundi huyo, maana ukiwasha hita unaipunguzia injini joto, na watu wakadakia hita, hita, wakati jamaa wa kwenye muvi anahangaika na usukani tu. Alipofika kileleni akaanza kushuka free, bila gia, mzee dereva akainamisha kichwa kabisa, akasema pale Iwambi nimeshaona watu wanashuka hivyo, na hakuongea tena mpaka ile sehemu ilipoisha. Mwisho wake siutaji, nenda kaone, ila waliotoka pale walisimama nje kwenye baridi wanabishana kama lori lile lilikuwa na breki au halina, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Psycho nayo ina historia yake hapa. Ni ya Hitchcock, ya 1960, haina rangi, na wakati inatoka Hitchcock aliwataka wenye kumbi wasimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza. Mwenye banda wetu naye akafunga mlango, ukichelewa unarudishiwa jero yako. Wengine walikasirika ila mimi naona alifanya la maana kabisa, maana kero kubwa ya banda umiza ni mtu anayeingia katikati anauliza jamani imefikia wapi, huyo nani, huyo ndo adui?

Na unajua sisi wa mabandani tuna imani moja tumekua nayo, stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akadondoka ghorofani, ila mwishoni anarudi. Sasa kwenye Psycho unamfuata dada mmoja tangu mwanzo, kaiba hela za ofisini, anakimbia nazo, uko naye, unamwombea, huyo ndo stelingi wako, halafu hata nusu ya filamu haijafika anauawa bafuni. Bandani pakawa kimya, kimya ambacho sijawahi kukisikia pale, halafu mtu nyuma akapiga kelele, "Flashi imeruka hiyo! Rudisha nyuma!" na wengi wakaunga mkono, walijua kweli muvi imekatwa kipande. Mwenye banda akawajibu haijaruka, tulieni. Kuanzia hapo hakuna aliyejua amshike nani, na huo ndo ufundi wenyewe, Hitchcock alishawanyang'anya watu kitu cha kushikilia. Tena pale anapochomwa kisu bafuni ni pafupi, haifiki hata dakika, kisu huwezi kusema umekiona kinaingia mwilini, na damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, lakini mkaka mkubwa tu mbele yangu alikuwa amejifunika uso na mzula.

Jambo moja lazima nilisifie, tafsiri. Kwa aksheni DJ aongee atakavyo, achombeze, awape watu majina ya mtaani, inanoga. Kwa taharuki akiongea mfululizo anaua kila kitu, kwa sababu ukimya ndo unafanya kazi. Hapa wanaweka filamu yenyewe na mwalimu mmoja wa sekondari anakaa pembeni na maiki, anatafsiri maongezi kwa sauti ya chini, wakinyamaza na yeye ananyamaza. Siku ya Psycho, kuanzia dada anafungua maji, mwalimu aliweka maiki chini kabisa kwenye benchi. Sijui alijifunza wapi, ila ana sikio huyo mtu.

Mapungufu yapo na nayasema kwa sababu napenda lile banda. Spika moja ya kushoto inakoroma, kwenye aksheni haijalishi ila kwenye muvi ambayo unasikilizia mlango ukifunguka polepole inakera sana. Umeme ukikatika jenereta inachukua muda kuwaka na ukiwaka stimu imeshashuka, mimi ningeomba siku ya taharuki jenereta iwekwe mafuta na kujaribiwa kabla. Benchi za nyuma hazina kitu cha kuegemea, mgongo unalalamika. Na akina dada ni wachache mno, si kwamba hawapendi, dada yangu anazipenda kuliko mimi, ila kuisha saa 5 usiku na njia ile ina giza siwezi kumlaumu asipokuja. Wakianza saa 11 jioni siku ya Jumapili nina uhakika watajaa, na kelele zao kwenye Psycho natamani kuzisikia.

Kama unakwenda mara ya kwanza, fika saa 1 kasoro, kaa katikati upande wa kulia mbali na ile spika, nunua karanga kabla hujaingia maana ukitoka nafasi imeondoka. Na nimemwomba mwenye banda atafute filamu moja ya Kifaransa ya 1953 ya Henri-Georges Clouzot, wanaume wanne, malori mawili, wamepakia nitroglisarini wanapita njia mbovu za milimani, gari likirushwa vibaya wote wanakwisha. Kasema akiipata ataandika ubaoni pale nje, na wale masuka wa Tunduma nimeshawaambia wapange safari zao vizuri.