Saa ya kwanza ya kifahari: Speedmaster au Black Bay 58?

Zote ni za Uswisi na hazina betri. Omega Speedmaster ndiyo aliyoivaa Buzz Aldrin mwezini mwaka 1969, na sifa hiyo unailipia. Toleo la sasa la Speedmaster hiyo ya mwezini, iitwayo Moonwatch, lina upana wa milimita 42 na unalitia ufunguo mwenyewe. Ukilijaza, linakwenda takriban saa 50. Wapo wanaoona kero. Mimi naona ndio utamu wenyewe: kukizungusha kile kitufe cha pembeni asubuhi mpaka kigome. Ila ukichagua lenye kioo cha plastiki, kitachubuka upesi, ingawa mikwaruzo midogo hutoka kwa kusugua.

Tudor, inayotengeneza Black Bay 58, ni ndugu wa Rolex, maana zote zilianzishwa na Hans Wilsdorf. Black Bay 58 ilitoka mwaka 2018: milimita 39, inajijaza kwa mwendo wa mkono, inahimili maji hadi mita 200. Speedmaster ni 50 tu. Na bei ya Tudor iko chini sana.

Kama ni ya kuvaa kila siku, kazini hadi baharini, chukua Tudor. Speedmaster mnunulie aliyekwisha kuipenda; huyo hata ukimshauri vingine hasikii.