Mume ataka LadySmith, mke ataka Shield EZ
Kwenye maduka ya silaha Marekani, mume mara nyingi humnunulia mkewe rivolva ndogo (bastola yenye silinda inayozunguka): LadySmith, jina ambalo Smith & Wesson walilifufua mwaka 1989 wakiwalenga wanawake. Mpini wa mbao unang'aa, risasi 5, inaingia mkobani bila shida. Ila wepesi huo ndio taabu yenyewe, kwani ikifyatuliwa hupiga teke linalouma kiganja, na kifyatulio ni kigumu. Akitoka kulenga shabaha, mke hatamani kurudi.

Mke akijichagulia? Bastola ya Shield EZ ya 2018, kampuni ileile: risasi 8, na kuikoki hakuhitaji misuli. Haina urembo. Mimi naisimamia hii kwa moyo wote. Pesa za mpini wa kupendeza zinunue risasi za mazoezi.