Chumba cha hoteli kwa bei ndogo: njia tano, kuanzia ile ninayoiamini zaidi

"Yaya, banakatala kunirudishia franka yangu." Aliyenipigia ni mama mmoja anayeuza viatu pale soko la Kenya, komini yetu hapa Lubumbashi, naye alikuwa amekalia sanduku lake ambalo lilikwisha kufungwa. Viza ya China ilichelewa siku nne. Tiketi ya ndege aliisogeza kwa kuongeza pesa kidogo, lakini chumba alichonunua mtandaoni kwa dola 31 kwa usiku kilikuwa cha aina isiyofutika, yaani ukighairi hurudishiwi pesa. Usiku sita, dola 186, zikaenda. Katika hoteli ileile chumba cha kufutika kilikuwa dola 36.

Mimi huwatafutia vyumba wafanyabiashara wa hapa mjini wanaokwenda Dubai, Guangzhou na Dar es Salaam, na tangu siku ile nazipanga njia za kununua chumba kwa kipimo kimoja: mtu wa huku kwetu hana uhakika wa tarehe yake mpaka pasipoti irudi ikiwa na viza ndani. Kwa hiyo orodha yangu haianzi na bei ya chini kuliko zote.

1. Chumba cha kufutika, halafu kuwinda bei

Hii ndiyo njia ninayoanza nayo kwa kila mteja. Unaingia kwenye tovuti kubwa, Booking.com kwa mfano, unachuja vyumba vyenye kufutwa bila malipo, na ikiwezekana vile vinavyolipwa ukifika. Unashika kimoja mapema, mwezi mmoja au miwili kabla. Hapo umepata paa la kulalia na karatasi ya kuambatanisha kwenye maombi ya viza.

Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo. Bei ya chumba haitulii. Hupanda hoteli ikijaa, hushuka vyumba vikibaki vitupu. Kila baada ya siku tatu au nne tazama tena hoteli ileile kwa tarehe zilezile. Ukikuta imeshuka, shika kipya kwanza, hakikisha uthibitisho umeingia, ndipo ufute kile cha zamani. Usigeuze mpangilio huo. Niliwahi kufuta kwanza, na katika dakika zile chache za kujaza jina na kadi, chumba cha bei ndogo kikachukuliwa na mtu mwingine.

Angalia sana saa ya mwisho ya kufuta, maana inahesabiwa kwa saa za kule hoteli iliko. Dubai wako mbele ya Lubumbashi kwa saa mbili, Guangzhou kwa saa sita. Ukisoma kwamba mwisho wa kufuta chumba cha Guangzhou ni 23:59, kwako wewe mwisho ni saa kumi na mbili jioni kasoro dakika moja. Wengi wanaokatwa pesa ni wale wanaongoja watoto walale ndipo washike simu.

Fungua akaunti pia, ni bure. Booking.com wana ngazi wanazoziita Genius: ngazi ya kwanza unapunguziwa asilimia 10 katika hoteli zinazoshiriki, na ukilala mara tano ndani ya miaka miwili unapanda ngazi ya pili ambayo hufika asilimia 15. Msafiri wa Dubai anaifikia haraka, mradi kila chumba kiwekwe kwa akaunti yake mwenyewe na siyo ya shemeji.

2. Kuipigia hoteli yenyewe, ukiwa na bei mkononi

Tovuti hula sehemu ya pesa unayolipa. Kwa hoteli nyingi ni kama asilimia 15. Mwenye hoteli ndogo anajua hilo kila mwisho wa mwezi. Ukimwandikia kwa WhatsApp ukamtumia picha ya bei uliyoiona, ukamwambia unalala usiku saba na mnakuja watu watatu, ana nafasi ya kupunguza na bado akabaki na faida. Wengine hawashushi bei ila wanaongeza kifungua kinywa, au gari la kukuchukua uwanjani, au wanakuwekea mizigo siku ya kuondoka, na kwa mtu mwenye magunia mawili ya nguo hiyo ni pesa.

Kwa Dar es Salaam hii ingekuwa namba moja. Gesti nyingi za Kariakoo hazimo kabisa kwenye tovuti, na lugha ni yetu. Unapiga simu, unasalimia vizuri, unauliza habari za biashara, unapatana. Hakuna programu ya simu inayoshinda hilo.

Ubaya wake ni kwamba maneno ya simu hayana shahidi. Omba akuandikie bei, tarehe, idadi ya vitanda, na kama kodi imo ndani. Akitaka umtumie pesa yote kabla hujaondoka, rudi njia ya kwanza.

3. Agoda na Trip.com kwa safari za Asia

Kabla ya kulinganisha, jua nani ni nani. Booking.com, Agoda, Priceline na Kayak ni za kampuni moja. Expedia, Hotels.com na Hotwire ni za kampuni nyingine. Mtu anayefungua tovuti nne akadhani ameuliza maduka manne, pengine ameuliza maduka mawili. Hata hivyo bei za ndugu hutofautiana, na kwa miji ya Asia nimeona Agoda wakiwa chini mara nyingi. Trip.com asili yake ni Shanghai, na kwa Guangzhou ndiyo ninayoifungua kwanza, kwa kuwa ina hoteli nyingi za Kichina ambazo kwingine hazionekani. Uliza kwa maandishi kama hoteli inapokea wageni wenye pasipoti za nje. Serikali ya China ilikwisha kusema wageni wasikataliwe, lakini mfanyakazi wa mapokezi usiku wa manane anaweza kuwa hajui namna ya kukuandikisha.

Naziweka nafasi ya tatu kwa sababu bei ya ukurasa wa kwanza mara nyingi haina kodi wala ada ya huduma. Usilinganishe chochote kabla hujafika ukurasa wa mwisho, ule unaoomba kadi. Na hata huo haumalizi yote. Dubai kuna ada ya utalii inayolipwa mapokezi, kwa kila chumba kila usiku: kuanzia dirham 7 kwa hoteli ndogo kabisa hadi dirham 20 kwa nyota tano. Hoteli ya nyota tatu ni dirham 10. Ukilala usiku nne ni dirham 40, karibu dola 11, maana dola moja ni dirham 3.67 mwaka nenda mwaka rudi. Ongeza amana watakayokuomba mlangoni. Mteja anayefika Deira, mtaa wa Dubai, na dola zilizohesabiwa sawasawa kwa ajili ya mzigo huanza safari kwa kukopa.

Majira nayo yana nguvu kuliko tovuti yoyote. Dubai ya Juni hadi Agosti, joto likipita nyuzi 40, vyumba huanguka bei. Kuanzia Novemba watalii wa baridi wakianza kuingia hupanda. Guangzhou ogopa Aprili na Oktoba: Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya pale, hufunguliwa tarehe 15 ya miezi hiyo na huendelea kwa wiki kama tatu, na hata hoteli za mtaa wa Xiaobei, zilizo mbali na uwanja wa maonyesho, hupandisha. Kama huna shughuli ndani ya maonyesho, nenda yakiisha.

4. Chumba kisichotajwa jina

Hapa ndipo bei ndogo ya kweli ilipo, na hapa ndipo watu wanapoumia. Hotwire ndio waliojulikana kwa hili, Priceline nao wanalo chini ya jina Express Deals. Unaonyeshwa mtaa, idadi ya nyota, huduma zilizopo, na bei iliyoshuka sana. Jina la hoteli limefichwa. Unalipa yote papo hapo, ndipo unaambiwa utalala wapi. Harudishiwi mtu.

Sababu ya kuficha inaeleweka ukiwa mtu wa soko. Chumba kisicholaliwa leo ni kama nyanya ya jioni: kesho haina bei. Mwenye hoteli anataka kukiuza kwa chochote, lakini hataki mteja wake wa kawaida aone kwamba kile anacholipia dola 120 kinauzwa 70. Kwa hiyo anauza gizani.

Giza hilo hupungua ukiwa na subira. Chukua orodha ya huduma zinazoonyeshwa, bwawa, maegesho, kifungua kinywa, pamoja na nyota na alama za wateja, uzilinganishe na hoteli za mtaa uleule zilizo wazi. Mara nyingi hubaki hoteli mbili au tatu tu zinazofanana.

Njia hii ina faida zaidi kwenye miji mikubwa ya Marekani, kwa wale wanaokwenda kuona ndugu. Kumbuka kodi za huko: New York peke yake inaongeza asilimia 14.75 na dola 3.50 kwa kila usiku. Na kitanda hakichaguliwi. Dada wawili niliowanunulia chumba hivi walikuta kitanda kimoja, na hoteli ilikuwa na haki, kwa sababu walichouziwa ni chumba cha watu wawili. Tangu hapo nauza njia hii kwa msafiri mmoja tu, au mume na mke, wenye viza tayari mkononi.

5. Kutaja bei yako mwenyewe

Wengi bado wananiuliza habari za mnada wa vyumba, ingawa siku hizi haupo tena. Priceline waliuanzisha mwaka 1998: ulichagua mtaa na nyota, ukataja bei unayoiweza, ukatoa kadi kwanza. Hoteli ikikubali, ulikatwa hapohapo. Ikikataa, ulingoja siku nzima, au uliongeza mtaa mwingine ili uruhusiwe kujaribu tena. Wajanja waliongeza mtaa usiokuwa na hoteli ya nyota zile, wakapata jaribio la bure bila hatari ya kuhamishwa. Upande wa tiketi za ndege ulifungwa mwaka 2016, na baadaye wa hoteli nao ukafungwa. Mtu akikuonyesha leo tovuti usiyoijua inayokuahidi mnada wa namna hiyo, usiweke namba za kadi yako.

Kadi na saa ya kufika

Kadi za kujaza pesa wanazotoa benki zetu hufanya kazi kwa kulipa mtandaoni, lakini amana ya hoteli ikikatwa humo inaweza kukaa imezuiwa siku nyingi baada ya kuondoka. Beba amana taslimu. Na kadi iwe na jina la anayelala. Mwaka juzi nililipa kwa kadi yangu chumba cha mteja, mapokezi wakamtaka aonyeshe kadi ileile iliyolipa. Mimi nilikuwa Lubumbashi, yeye amesimama pale na mabegi hadi alfajiri.

Ndege zetu nyingi hupitia Addis Ababa, na kufika Dubai usiku wa manane ni kawaida. Ukitua saa nane usiku wa kuamkia tarehe 10, chumba chako kianze tarehe 9. Ukiandika tarehe 10, utaambiwa usubiri kwenye kiti hadi saa nane mchana. Na ukiandika tarehe 9, watumie hoteli ujumbe siku ileile kwamba unakuja usiku, kwa sababu asiyetokea hufutiwa siku zote zilizobaki, si ule usiku mmoja tu.