Toyota Vitz iliyotumika: kagua uvujaji kabla hujatoa pesa

Vitz ya 2005 hadi 2010 yenye injini ya 1KR-FE, silinda 3, yafaa sana Malindi: hainywi petroli na vipuri vyapatikana. Udhaifu wake ni wota pampu, inayozungusha maji ya kupoza injini. Fungua boneti injini ikiwa baridi, umulike tochi upande wa mkanda. Ukiona ukoko wa pinki au mweupe karibu na puli ya pampu, imeanza kuvuja, hata kama chini hakuna tone. Maji yakiisha njiani, silinda hedi (kichwa cha injini) huweza kupinda.

Oili kidogo kwenye gasketi ya kava ya juu isikutishe. Ni kazi rahisi. Lakini unyevu pale injini inapoungana na gia boksi huenda ni sili ya nyuma ya krenki (mhimili mkuu wa injini) inayovuja, na kuibadilisha lazima gia boksi ishushwe. Hapo bei ipunguzwe sana au uliache.

Tandika katoni kavu chini, washa injini na AC kwa dakika 20. Maji maangavu yasiyo na rangi wala harufu upande wa abiria ni ya AC, na kwa unyevu wa pwani ni kawaida.

Injini iliyooshwa ikang'aa haikaguliki. Endesha hadi Gede, mji jirani, na kurudi, kisha mulika tena. Kabla hujaondoka, chungulia pia paipu za breki, maana hewa ya chumvi huzila kwa nje, na ndani ya magurudumu: tairi lililolowa mafuta huenda ni silinda ya breki inayovuja, na gari hilo lisiendeshwe mpaka litengenezwe.