Kinasa sumukuvu cha udongo: nilivyokiona kwa kuku na bata, Masasi

Kwa anayechanganya chakula cha mifugo mwenyewe huku kusini, tena akiweka mashudu ya karanga, udongo huu wa kunasa sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na ukungu, unastahili hela yake. Ila mifuko haifanani, na wauzaji wengi hawakuelezi tofauti.

Nafuga kuku wa mayai na bata wachache. Mahindi yetu yakivunwa kwenye Mei au Juni na kukaa stoo mpaka mvua za Desemba, yanaanza kuvuta unyevu na ukungu. Mashudu ya karanga ndiyo usiseme. Mwaka 1960 Uingereza ilipoteza batamzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na ndivyo aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo, ilivyokuja kujulikana. Bata hudhurika upesi kuliko kuku. Hao ndio walionipeleka dukani.

Nilianza na bentonaiti ya kawaida. Ni udongo wenye tabaka nyembamba mno, na aflatoksini B1, ambayo molekuli yake ni bapa, huingia kati ya tabaka hizo ikanaswa, ikapita utumboni bila kufyonzwa na kutoka na kinyesi. Haiui ukungu, wala haigeuzi mahindi yaliyooza kuwa mazima. Umoja wa Ulaya uliruhusu bentonaiti kwa kazi hii mwaka 2013, isizidi gramu 20 kwa kilo ya chakula. Mfuko wangu unaelekeza kidogo sana kuliko hapo: gramu 250 kwa kilo 100. Naichanganya kwanza na pumba kwenye ndoo, ndipo namwaga juu ya rundo na kupindua kwa beleshi, la sivyo yote inabaki upande mmoja. Funga kitambaa puani, vumbi lake halina adabu.

Msimu wa mvua uliopita mayai hayakushuka kama nilivyozoea, na vifaranga wa bata walichangamka. Sina maabara, na mahindi pia niliyachambua zaidi, kwa hiyo sifa zote siupi udongo.

Baadaye muuzaji akanionyesha mfuko wa bei karibu mara mbili, udongo "ulioboreshwa". "Dada, huu unamaliza sumu zote." Si kweli. Kinachofanyika ni kuondoa madini ya kati ya tabaka na kuweka chumvi za amonia zenye mikia mirefu kama ya mafuta. Hapo udongo unapata uwezo wa kushika sumu zisizopenda maji, kama zearalenoni na okratoksini, ambazo bentonaiti ya kawaida huziachia sehemu kubwa. Zearalenoni huiga homoni ya kike: nguruwe jike huvimba sehemu za uzazi na mimba kusumbua, lakini kuku huistahimili vizuri. Shemeji yangu wa Ndanda ana nguruwe, nikamwambia anunue. Mimi wa kuku na mashudu ya karanga niliuacha pale pale kaunta. Na ile sumukuvu nyingine ya nafaka, DON (deoksinivalenoli), hata huo ulioboreshwa hauishiki vya kutosha.

Jambo ambalo dukani hawakunigusia: udongo unaweza kushika na dawa. Ukiwapa kuku antibiotiki za kundi la makrolaidi, mfano tailosini, kwenye chakula, usiuchanganye humo. Muulize kwanza daktari wa mifugo.

Wa kawaida naupa nyota nne. Ulioboreshwa, kwa mwenye kuku tu, mbili.