Neuland: fonti ya kifua, lakini si ya kila kazi

Ukikaa nyuma ya vani ya watalii kwa jam ya Mombasa Road, ama upite kwa maduka ya vinyago tao, lazima utakutana na maandishi flani mazito ya kona kona, na kila mtu anakuambia hiyo ndio fonti ya Kiafrika. Wapi. Mara nyingi hiyo ni Neuland ama zile zimeiiga, na Neuland ni Mjerumani kamili. Ilitengenezwa na Rudolf Koch mwaka wa 1923 kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor pale Offenbach, na mzee hakuchora kwanza, alichonga chuma moja kwa moja, ndio maana kwa zile herufi za zamani za kupigia chapa, za madini ya risasi, A ya saizi moja haifanani kabisa na A ya saizi ingine. Nakala nyingi za kompyuta zimeua hiyo raha, saizi zote sura moja, hapo nakata maksi.

Haina herufi ndogo, ni kubwa tu na namba, kwa hivyo usijaribu kupanga aya nayo. Maneno mawili matatu basi. Kiswahili kinaiingia vizuri juu A zetu ni nyingi, na A yake ni pembetatu nene yenye katundu kadogo, andika NYAMA ama KARAKANA kwa bango kubwa uone zinavyojipanga kama vilima vya Ngong. Lakini shuka hadi saizi ya kadi ya biashara, katundu kanaziba na wino, A, B, R zote zinageuka madoa.

Mahali inanibamba kabisa ni stika za kukata. Haina mstari mwembamba popote, kwa hivyo plota, ile mashine ya kukata stika, ikimaliza kazi, kuchambua vinyl, yaani kung'oa mabaki, ni rahisi, na ukibandika kwa kioo cha matatu hakuna kancha kembamba ka kuinuka gari likioshwa kila asubuhi. Ile ya Inline, yenye kamstari keupe katikati, ni tamu kwa posta ya konsati, ila kwa tisheti ya mtoto rangi inakajaza, na kwa stika ndogo utang'oa hadi uchoke.

Butchery, gereji, gym, jina la sako: weka, na ubane nafasi kati ya herufi. Kadi ya harusi ama tangazo la msiba, hapana jamani. Na watu wa safari mpumzike kidogo, si ati ni mbaya, ni vile magari yakipangwa uwanja wa ndege wa Wilson hujui la nani ni lipi.

Naipa nne kwa tano. Tahadhari moja tu, nakala zingine za bure mtandaoni hazina ile alama ya juu ya NG', kwa hivyo kabla umpe mteja bei ya bango la SUPU YA NG'OMBE, charaza hayo maneno kwanza uone.