TAHADHARI: Giaboksi za Canter zilizopakwa silva, Tanga

Wakuu wenye Canter hapa Tanga, kabla hamjatuma hela ya giaboksi ya mtumba, someni hii.

Yangu ilikuwa inachomoka gia ya tatu. Nikaona kwenye kundi la WhatsApp jamaa anauza giaboksi "imeshuka juzi kutoka Japani", milioni moja na laki mbili, ukimwachia ya zamani anakupunguzia laki mbili. Duka hana. Tulikutana Kange, mzigo uko nyuma ya pikapu, umepakwa silva unang'aa kama sufuria mpya ya bibi harusi. Hapo hapo ningeshtuka. Kitu kilichofunguliwa chini ya gari huja na vumbi na grisi yake.

Tuliifunga nyumbani Duga, mimi, fundi na vijana wawili. Kushusha ile ya zamani haikuwa kazi. Kupandisha ndiko kulikotutoa jasho. Pleti ya klachi ikikaa pembeni kidogo tu, meno ya shafti hayaingii, na huwezi kuiacha giaboksi ining'inie kwenye shafti, utapinda pleti. Tulianza saa tatu asubuhi, bolti ya mwisho ikakazwa kwa tochi ya simu.

Siku mbili, kimya kabisa. Ya tatu nimepakia machungwa Muheza, nafika Pongwe ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Fundi akafungua plagi ya chini: oili nzito kama uji, imechanganywa na unga wa mbao! Huo ndio unaonyamazisha beringi zilizokufa, hadi zikutane na moto na mzigo. Plagi yenyewe imeota ndevu za chuma.

Kumpigia, ananiambia, "Fundi wako ameiua." Halafu akanibloku.

Kwa hiyo mwambie afungue plagi mbele yako, oili idondoke kiganjani uipapase. Zungusha shafti kwa mkono kwenye kila gia. Akianza kukuharakisha eti kuna mteja mwingine njiani, mwache ampe huyo mteja. Na ya kwako ya zamani usimwachie.

Maana juzi kijana wangu kaniletea picha ya tangazo lake jipya. Giaboksi ya Canter, silva, "imeshuka juzi". Sikio la juu lina kovu la kuchomelea, na kovu hilo nalijua, nilisimama pale pale likichomelewa. Ni yangu ile. Gia ya tatu inachomoka.